Taa za Nje Kihambani: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Ukisimama Moshi mjini usiku wa mwezi wa Desemba na kutazama juu upande wa Uru, utaona mlima umejaa nyota za chini. Watoto wamerudi nyumbani toka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza; magari yamepanda; nyumba kubwa zilizofungwa mwaka mzima zimefunguliwa madirisha, na kila kona imewashwa taa. Ni jambo la kupendeza, wala hatuna neno juu ya furaha ya watu waliokutana na wazee wao. Lakini njoo utazame tena mwezi wa Februari. Taa nyingine bado zawaka usiku kucha, zikimulika migomba na ukuta wa nyumba isiyo na mtu. Na katika boma jingine kila kitu ni giza, na ndani yake yumo bibi wa miaka themanini anayetafuta mlango wa choo kwa kupapasa, kwa kuwa uniti za LUKU zimekwisha tangu juzi. Zimekwishaje upesi hivyo? Mara nyingi zimeliwa na zile taa za Desemba.

Basi leo twataka kuzungumza nawe juu ya kupanga taa za nje katika boma kubwa, ziwafae watu wakaao humo, na gharama yake ijulikane mapema, si ya kununua tu bali ya kuwasha mwaka mzima. Twasema boma kubwa kwa sababu kihamba cha Uru siku hizi mara nyingi kina nyumba ya wazee, nyumba mpya ya kijana wa mjini, jiko la nje, zizi la ng'ombe, choo, makaburi ya wazee waliotangulia, na njia ndefu ya mteremko toka barabarani, pengine yenye kuvuka mfongo. Hiyo ni kazi kubwa kwa taa, wala haitengenezwi kwa kubahatisha.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Walikuwa na kibatari ndani na fanusi mkononi, na siku ya arusi karabai iliazimwa kwa jirani aliyepata fedha nzuri ya kahawa. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa chupa, kwa hiyo hakuna aliyemulika migomba. Fanusi ilikwenda pale mguu unapokwenda, na mtu akiingia ndani aliipunguza utambi. Umeme umetuondolea moshi na harufu ya mafuta, na ni heri kubwa. Lakini umetufanya tusahau kuuliza: taa hii inamwakia nani?

TEMBEA USIKU KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, chagua usiku mmoja usio na mbalamwezi. Zima taa zote za nje. Chukua kurunzi, daftari na penseli, na mchukue mtu wa pili, afadhali awe mama wa nyumba, maana yeye ndiye ajuaye njia za usiku kuliko baba. Anzeni barabarani mnapoingilia. Tembeeni polepole mpaka mlangoni, halafu kutoka mlango wa nyuma mpaka jikoni, toka jikoni mpaka zizini, toka nyumba ya bibi mpaka chooni. Kila mahali mguu unapositasita, andika: ngazi, jiwe, ukingo wa mfongo, tope la masika, kona ambapo mtu hatokei mpaka amekufikia. Hesabu na hatua za miguu toka mahali hadi mahali, kwani waya hununuliwa kwa mita, na hatua moja ya mtu mzima ni karibu sentimeta 75.

Ukirudi ndani, chora ramani. Haidhuru kama si nzuri. Weka nyumba zote, njia zote, mfongo, miti mikubwa, mpaka wa masale, na mahali ilipo mita ya umeme. Halafu tia alama ya taa pale tu ulipoandika hatari au kazi. Utashangaa kuona alama zimekuwa chache. Boma ambalo mwenyewe alidhani lahitaji taa ishirini mara nyingi huishia na nane au tisa.

Nao wazee waulizwe. Mtu mwenye miaka 75 huhitaji mwanga mwingi kuliko kijana ili aone ngazi ileile, na macho yake huchelewa kuzoea giza atokapo katika chumba chenye mwanga mkali. Kwa hiyo njia ya bibi kwenda chooni ndiyo ya kwanza katika ramani yote. Geti, ambalo watu wengi hulitengeneza kwanza kwa sababu laonekana na wapita njia, lingoje zamu yake. Akianguka bibi na kuvunjika nyonga, gharama ya safari moja ya KCMC na siku za kulala huko yapita bei ya taa zote zilizomo katika ramani hii.

HESABU YA UNITI

Sasa tufike kwenye penseli. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikiwaka kwa muda wa saa moja. Ukitaka kujua taa yako yala kiasi gani, zidisha wati zake kwa saa inazowaka, kisha gawanya kwa 1,000. Na huku kwetu hesabu ni rahisi kuliko Ulaya, maana tu karibu na Ikweta: usiku wetu ni karibu saa kumi na mbili, Januari kama Julai. Taa inayowashwa jioni na kuzimwa asubuhi huwaka saa 12, mwaka mzima.

Chukua balbu ya LED ya wati 9. Usiku mmoja hula sehemu ya kumi ya uniti na kidogo. Kwa mwezi ni kama uniti 3. Balbu ya zamani ya waya mwekundu, ile ya wati 60 yenye mwanga kama huohuo, hula zaidi ya uniti 21. Na ile taa pana ya LED ya wati 50, inayofungwa kwenye kona ya nyumba kumulika uwanja mzima, hula uniti 18 kwa mwezi. Shika namba hiyo ya 18, kwa sababu sasa twaingia katika jambo ambalo limewaponza wengi.

TANESCO ina makundi ya wateja. Bei tunazotumia hapa ni zile zilizowekwa na EWURA mwaka 2016. Ikiwa risiti yako yaonyesha nyingine, weka hiyo mahali pake. Wenye matumizi madogo, wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na wakivuka, zile za ziada hutozwa shilingi 350. Wateja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa kila uniti, tangu ile ya kwanza. Juu yake huongezwa kodi ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Kwa hiyo uniti ya kundi dogo hufika shilingi 122, na ya kundi la kawaida karibu 356. Wajuaje wewe uko wapi? Nunua umeme wa shilingi 1,000 siku ambayo mita haikatwi kodi ya jengo. Ukipata uniti 8 na kidogo, uko kundi dogo. Ukipata chini ya 3, umekwisha kuhamishwa.

Tazama sasa. Familia yenye friji, televisheni na pasi inatumia, tuseme, uniti 60 kwa mwezi. Inalipa shilingi 7,320. Kijana anakuja Desemba na kufunga taa moja tu ya wati 50, yenye kuwaka usiku kucha. Uniti 60 na 18 ni 78. Mpaka umevukwa! Mwezi wa kwanza ziada ni uniti 3 tu, haioneki. Lakini nyumba ikiendelea kuvuka itahamishiwa kundi la kawaida, na hapo uniti zote 78 zitahesabiwa kwa 356: karibu shilingi 27,800 kila mwezi. Taa ilinunuliwa mara moja. Tofauti ya shilingi 20,000 yalipwa kila mwezi, na mara nyingi na mzee ambaye fedha yake ni ya ndizi na maziwa.

Na kama kijana huyo amefunga taa nane za namna hiyo, kila kona ya nyumba zote mbili, getini na kati ya migomba? Wati 400 kwa saa 12 ni karibu uniti 5 kwa usiku, 144 kwa mwezi. Kwa kundi la kawaida ni shilingi 51,000 na zaidi kwa mwezi, na kwa mwaka zapita 610,000, kwa taa za nje peke yake. Hapo ndipo waya wa getini hukatwa mwezi wa Machi kwa hasira, na bibi abaki bila hata taa moja.

Tufanye hesabu ya pili, ya ramani uliyochora. Mlango wa mbele, mlango wa nyuma na njia ya chooni: taa tatu za wati 5, ziwake usiku kucha. Zizini balbu ya wati 9, saa mbili tu, wakati wa kukamua jioni na alfajiri. Njiani toka barabarani taa nne fupi za wati 5, ziwake toka saa moja jioni hadi saa nne usiku, na saa moja nyingine alfajiri kwa watoto wa shule na watu wa basi la kwanza. Getini taa ya wati 10 yenye sensa, inayowaka mtu akipita na kuzima baada ya dakika moja au mbili. Kwa usiku mzima labda itawaka saa moja. Uwanjani taa moja ya wati 20 yenye swichi ndani ya chumba cha kulala, ya kuwashwa mbwa akibweka: nusu saa. Jumlisha. Haifiki hata theluthi moja ya uniti kwa usiku. Kwa mwezi ni kama uniti 9. Nyumba ile ya uniti 60 inafika 69, inabaki katika kundi lake, na malipo yaongezeka kwa shilingi 1,100 hivi. Uniti 9 badala ya 144, na hakuna mguu uliokosa mwanga.

MWANGA MKALI NA MWIZI

Wengine watasema: "Sawa, lakini sisi twaogopa wezi." Nao wana haki. Parachichi huibwa, mikungu ya ndizi huibwa, hata kahawa mbichi huvunwa usiku na asiyeipanda. Lakini jaribu jambo hili. Simama uwanjani, mbele ya taa pana yenye mwanga mkali, ukitazame kiti kilichowekwa nyuma yake gizani. Hukioni. Taa ikupigayo machoni hukufunga macho, na nyuma yake hufanya giza zito kuliko giza la kawaida. Mwizi aweza kusimama pale akakutazama wewe vizuri. Na tena taa inayowaka usiku kucha hakuna anayeishangaa. Jirani hawezi kujua kama kuna jambo. Taa iliyokuwa imezima ikawaka ghafula saa nane za usiku hiyo ndiyo inayomwamsha mwenye nyumba na kumshtua mgeni asiyealikwa. Ndiyo maana tulisema sensa getini na swichi karibu na kitanda.

Taa ielekezwe chini. Kifuniko juu yake kizuie mwanga usiende angani wala usoni. Taa za njia zisipite magoti, zimulike ardhi tu. Mtu anayeshuka na ndoo kichwani anahitaji kuona jiwe, si majani ya mgomba. Kumulika mgomba ni kumwaga maji katika mchanga: jani pana hunywa mwanga wote na halirudishi kitu.

Juu ya rangi ya mwanga, nunua ule wa njano kama wa fanusi, ambao pakiti yake imeandikwa 2700K au 3000K. Ule mweupe wenye ubuluu, 6500K, huonekana mkali dukani, lakini huvuta wadudu zaidi. Kila mtu wa Uru amekwisha kuona kumbikumbi wa vuli walivyoizunguka taa ya baraza hata watu wakaacha chakula. Wadudu wakija, vyura huja kuwala. Na vyura wakizoea baraza yako, nyoka naye anayewinda vyura hapotei njia. Popo na komba nao wana haki ya usiku wao. Kihamba kisicho na giza hata kidogo si kihamba tena, ni kituo cha basi.

Na jirani je? Vihamba vyetu vimeshikana, mpaka ni mstari wa masale tu. Taa yako ikiingia katika dirisha lake, hatalala, na atasema moyoni kabla ya kusema kwa mdomo. Kabla ya kufunga taa ya mpakani, mwite aje aone ielekeako. Masale yalipandwa mpakani ili watu wakae kwa amani. Isiwe taa ndiyo ya kuwarudisha barazani kwa balozi.

TAA ZA JUA NA WATI ZA UONGO

Hapo Moshi madukani utaziona taa za jua, zenye kioo cha kukusanya jua na betri ndani yake. Ni kitu kizuri. Hazihitaji waya, hazina uniti, na umeme ukikatika zenyewe zawaka. Kwa getini mbali na nyumba, au kwa njia ya kuvuka mfongo, au penye makaburi ya wazee ambapo watu wapenda kuweka mwanga mdogo mwezi wa Novemba, twazisifu. Lakini usisome namba iliyoandikwa kwenye boksi, wati 200, wati 300. Pima kioo chenyewe.

Hesabu yake ni hii. Kioo chenye upana wa sentimeta 30 na urefu wa 35, hata kikiwa kizuri, hakitoi zaidi ya wati 20 jua likiwa la utosi. Kwa siku ya jua safi, saa zake zote ukizikusanya ni kama saa tano za jua kali. Hiyo ni wati 100 za saa moja, na nyingine hupotea katika kuingia na kutoka kwa betri, zibaki kama 70. Gawanya kwa saa 12 za usiku: taa yako yaweza kuwaka kwa wati 6 hadi asubuhi. Wati 6, si 300! Wati 6 za LED zatosha njia, kama umenunua ukijua ni 6. Aliyelipa fedha ya 300 ndiye atakayelalamika.

Tena kumbuka hali ya mlima wetu. Juni, Julai na Agosti wingu hukaa juu ya Uru siku kadhaa mfululizo, na huko juu Shimbwe karibu na msitu ni zaidi. Masika nayo ni hivyo. Taa iliyojaribiwa Januari ikawaka hadi asubuhi, Julai itazima saa tano za usiku. Kwa sababu hiyo, njia ya bibi ya chooni tusiitegemee taa ya jua peke yake. Na kioo kisiwekwe chini ya mgomba wala chini ya mgrivelia. Kivuli cha jani moja juu ya kona yake hupunguza umeme kuliko unavyodhani. Nunua taa ambayo kioo chake kimetengwa na waya wa mita kadhaa, ukiweke juu ya bati, kikielekea kaskazini upande wa kilele, maana mwezi wa Juni, jua linapokuwa dhaifu, hupita upande huo. Kilazwe, lakini kiinuke kidogo ili mvua ikioshe vumbi. Uliza pia kama betri yake yaweza kutolewa na kubadilishwa. Betri ndiyo hufa kwanza, labda baada ya miaka miwili au mitatu, na taa iliyofungwa kwa gundi hutupwa nzima.

Ikifa, isitupwe mfongoni. Maji yale yashuka kwa watu wengine.

WAYA NA JEMBE

Waya wa nje si waya wa ndani uliofungwa nje. Waya wa ndani ukipigwa jua hupasuka ngozi, na ukizungushwa mtini mti hunenepa na kuukata. Katika boma la migomba, ng'ombe na watoto, hiyo ni hatari ya kifo, wala hatutasema kwa maneno laini. Tumia waya wa ardhini wenye koti la chuma, uliozikwa kina cha sentimeta 60. Usipitishe kati ya migomba, kwa kuwa shimo la kupandia mgomba lafika kina hichohicho, na mchimbaji wa miaka kumi ijayo hajui ulichofukia. Upitishe kando ya njia, mahali pasipolimwa, uwekewe mchanga na juu yake matofali au mawe bapa, na njia yake uichore katika ile ramani yako. Ramani ikae pamoja na hati za nyumba.

Kuchimba mtaro hakuhitaji kulipa fundi. Vijana wa nyumba, wakiwa nyumbani wakati wa likizo, waweza kuumaliza kwa siku mbili, kama msaragambo wa familia. Lakini kuunganisha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwambie mapema kwamba taa zote za nje ziwe na kifaa chake cha kukata umeme unapovuja, kile kilichoandikwa 30mA. Mtoto akigusa waya uliovuja katika majani yenye maji, kifaa hicho hukata kabla moyo haujasimama. Ukilazimika kupunguza gharama, punguza idadi ya taa. Hicho kisipunguzwe.

Taa zenyewe zina alama ya maji na vumbi. Chini ya paa la baraza IP44 yatosha. Penye mvua ya moja kwa moja tafuta IP65. Wengine hushauri taa za volti 12, ambazo hazina hatari ya kumpiga mtu. Ni shauri jema kwa njia fupi. Lakini umeme wa volti 12 katika waya mrefu ni kama maji katika mfongo unaovuja: yaanza mengi juu, yafika kidogo chini. Kwa njia ya mita 60 taa ya mwisho itakuwa hafifu, isipokuwa ununue waya mnene wa bei kubwa.

FEDHA, NA KIKAO CHA DESEMBA

Kwa maoni yetu, mahali pa kuamua mambo haya ni kile kikao cha familia cha mwisho wa mwaka, ambapo ndugu wote wapo. Huko ndiko taa hununuliwa kwa furaha; basi huko nako zihesabiwe. Andikeni nguzo tatu za fedha: ya kununua na kufunga, ya umeme wa mwaka mzima, na akiba ya matengenezo. Ya tatu husahauliwa daima. Tengeni sehemu moja ya kumi ya bei ya kununua kila mwaka, kwa balbu, betri na kazi ya fundi.

Katika kununua, gawanyeni bei kwa miaka. Tuseme taa moja ni shilingi 15,000 na hudumu mwaka mmoja, nyingine 40,000 na hudumu miaka mitano. Ya pili ni 8,000 kwa mwaka, karibu nusu. Dukani haionekani hivyo. Na fedha ikiwa haitoshi mwaka huu, msinunue taa mbaya nyingi. Wekeni milango, choo na zizi mwaka huu. Chimbeni mtaro na mlaze waya wote mara moja, hata wa taa zisizonunuliwa bado, kwa sababu kuchimba mara ya pili ni hasara. Njia na geti vingoje mwakani.

Sherehe na misiba ni jambo lake. Boma la Uru laweza kupokea watu mia tatu kwa siku moja, wakae hata usiku. Wengine hufunga taa kubwa za kudumu kwa ajili ya siku hizo nne au tano za mwaka. Haifai. Mwambie fundi aweke soketi mbili za nje zenye kifuniko cha mvua, moja uwanjani na moja upande wa jiko la nje. Siku ya shughuli mtaazima au kukodi taa, mtachomeka, na kesho yake mtazirudisha.

Halafu muulizane bila haya: nani atanunua uniti? Si vema waliofunga taa wawe mjini na anayelipa awe mzee. LUKU hununuliwa kwa simu toka popote. Mwenye namba ya mita aweza kununua akiwa Tabata au Mbezi, akatuma zile tarakimu kwa ujumbe, na mtoto wa nyumbani akazibonyeza. Ndugu sita wakigawana miezi kumi na miwili, kila mmoja ana miezi miwili, na jina lake liandikwe ukutani karibu na mita.

Mkiisha kufunga zote, pimeni kwa macho yenu. Jioni saa moja soma uniti zilizobaki katika mita, andika. Asubuhi saa kumi na mbili soma tena. Usiku wa pili zima taa zote za nje, fanya vilevile, na mambo ya ndani yawe kama jana. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo chakula cha taa zako. Kama ramani ilisema theluthi ya uniti na mita yasema uniti nzima, kuna taa inayowaka bila kazi au waya unaovuja. Zima moja moja, usiku baada ya usiku, mpaka uipate, na ufanye hivyo Januari, kabla vijana wanaojua waya ulikopita hawajapanda basi.